Binti yangu mjamzito amesusa matoke yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 52. Nina kibanda cha chakula hapa Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na yanakoegeshwa malori yanayosubiri kuvuka. Nimepika hapo miaka 14. Wateja wangu ni madereva na matingo wao, vijana wa bodaboda na wapagazi. Napika matoke, posho (ugali), wali, maharage, mchuzi wa karanga, na samaki siku akipatikana. Kibanda hicho ndicho kilicholipa karo ya watoto wangu wanne baada ya baba yao kufariki.

Zamani nilipika matoke kama mama yangu alivyonifundisha, ndani ya majani ya migomba. Lakini hapa mjini majani ni ya kununua. Bunda la kunitosha siku moja ni shilingi 3,000, na kiangazi bei inapanda. Kaveera, yaani mifuko ya plastiki, za kufanya kazi hiyohiyo ni shilingi 500. Nikafanya kama wenzangu wote wa hapa: nafunga ndizi ndani ya kaveera, naongeza nyingine juu, mvuke hautoki, ndizi zinaiva upesi na makaa yanabaki. Chai na mchuzi wa kubeba natia kwenye kaveera pia, napiga fundo. Hata sigiri asubuhi nawashia kipande cha kaveera ili makaa yashike haraka.

Binti yangu wa pili, Zaituni, ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Mwezi uliopita alikuja kupumzika kwangu. Siku ya tatu, saa saba mchana, watu wamejaa, alisimama katikati ya kibanda akasema: "Mama, unachowalisha watu ni sumu. Kaveera ina kemikali ya BPA, inaharibu homoni. Mimi na mwanangu hatuli." Shangazi, mwiko uliniponyoka mkononi. Wateja wawili waliinuka wakaacha sahani. Mmoja hajarudi mpaka leo.

Jioni nilimuuliza ameyatoa wapi. Akasema uvimbe wa kizazi niliopasuliwa miaka sita iliyopita uliletwa na kaveera. Akasema dada yake mkubwa kukaa miaka mitatu kwenye ndoa bila kushika mimba, ni kaveera. Hasira zikanipanda, nikamwambia: "Hiyo sumu ndiyo iliyokusomesha. Kama huitaki, irudishe." Akafunga mzigo wake usiku uleule, sasa yuko kwa mama mkwe wake. Nasikia anakula samaki wa kopo, mkate na kachumbari ya nyanya, na kunywa maji ya chupa, eti hivyo ndivyo visafi. Simu zangu hapokei. Leo ni siku ya 18.

Usiku silali. Nawaza, je, ni kweli mimi kwa mikono yangu ndiye niliyeharibu vizazi vya wanangu? Na kama si kweli, mbona mtoto wangu wa kumzaa amenidhalilisha mbele ya watu? Niambie ukweli, usinionee huruma.

Mama Mpishi, Busia

*

Marahaba Mama Mpishi, na pole sana.

Ukweli nitakupa. Huruma siwezi kuizuia, maana nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nimekwama pale mwiko ulipokuponyoka.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hakuna daktari wala mtafiti anayeweza kuuchukua uvimbe uliotolewa tumboni mwako akasema huu uliletwa na kaveera. Uvimbe wa kizazi uliwapata bibi zetu kabla plastiki haijafika Afrika Mashariki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanawake wa asili ya Kiafrika wanapofika miaka 50, zaidi ya 8 kati ya 10 huwa wamepata uvimbe huo, na wengi hawajui kuwa wanao. Kuhusu binti yako mkubwa, kabla ya kuitaja kaveera, ningeuliza: wamekwenda hospitali wote wawili? Mumewe amepimwa? Mara nyingi sana mwanamke hubebeshwa mzigo peke yake, kumbe tatizo liko kwa mume, au mirija iliziba kwa sababu ya maambukizi ya zamani ambayo hayakutibiwa. Waende pamoja.

Hapo nimekutua mzigo mmoja. Sasa naomba usikasirike, kwa sababu Zaituni hakulitunga jambo hili.

Wewe unaishi mpakani, utanielewa upesi. Lori halivuki bila karatasi yenye muhuri. Mwilini, karatasi hiyo ni homoni. Inatoka kwenye tezi, inasafiri na damu, inafika kwenye seli na kutoa amri: kua, pevuka, zalisha maziwa, jenga kizazi. Sasa zipo kemikali zenye umbo linalokaribiana na la homoni. Zinafika mlangoni na muhuri wa kughushi, mlango unafunguliwa, na amri ambayo mwili haukuitoa inatekelezwa. Nyingine zinakaa tu pale mlangoni na kuizuia homoni ya kweli isipite. Na kwa kuwa homoni zenyewe hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno, hata kemikali kidogo inatosha kuleta mashaka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa waliandika ripoti nzima kuhusu jambo hili, ikatolewa mwanzoni mwa mwaka 2013.

Hiyo BPA, yaani bisfenoli A, ina historia ambayo ningependa Zaituni naye aisome. Mwaka 1936 mwanakemia wa Uingereza, Charles Dodds, aliripoti kuwa inaiga homoni ya kike, estrojeni. Hakuitumia kama dawa, kwa sababu mwaka 1938 yeye na wenzake walipata nyingine yenye nguvu kuliko hiyo, ikaitwa DES. DES wakapewa wajawazito kwa miaka mingi, kwa matumaini ya kuzuia mimba zisitoke. Akina mama wale walijifungua watoto walioonekana wazima kabisa. Kisha mwaka 1971 madaktari wa Boston wakagundua saratani adimu ya uke kwa wasichana wadogo, na walipofuatilia wakakuta mama zao walimeza DES walipowabeba. Yale yalikuwa madonge ya dawa kali, hayalingani na kinachotoka kwenye kifuko. Lakini tangu hapo dunia imejua kwamba kilichomfikia mtoto tumboni kinaweza kujificha miaka 15 au 20 ndipo kijionyeshe. Mwaka 2005 Shanna Swan na wenzake huko Marekani walieleza jambo la karibu na hilo kuhusu ftaleti, kemikali za kulainishia plastiki: pale mama alipokuwa nazo nyingi kwenye mkojo wakati wa ujauzito, maumbile ya watoto wa kiume yalionyesha dalili ndogo za upungufu wa homoni ya kiume. Kwa hiyo mjamzito anayekagua chakula chake hana kiburi. Anamlinda mjukuu wako.

Pamoja na hayo, mwalimu wetu amekosea somo mahali muhimu. Kaveera ni polithini, na polithini haitengenezwi kwa BPA. BPA imetumika kwenye plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, mfano yale madumu makubwa ya maji ya ofisini, na kwenye utando unaopakwa ndani ya makopo ya chakula. Makopo, Mama Mpishi! Amekimbia matoke yako akakimbilia samaki wa kopo. Umoja wa Ulaya uliiondoa BPA kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011, na Desemba 2024 ukapitisha marufuku ya kuitumia kwenye vifaa na vifungashio vya chakula, makopo yakiwemo, ingawa viwanda vimepewa muda wa kujirekebisha. Kabla ya hapo, mwaka 2023, mamlaka yao ya usalama wa chakula ilishusha kiwango ambacho mtu anaweza kukimeza kila siku bila wasiwasi kutoka mikrogramu 4 kwa kilo ya uzito wake hadi nanogramu 0.2, yaani mara 20,000 chini. Wataalamu wa Ujerumani walikipinga kiwango hicho wakatoa chao, nanogramu 200. Hata hicho ni mara 20 chini ya kile cha zamani. Wanabishana ni kidogo kiasi gani, lakini hakuna kati yao anayetaka kurudi kule kwa mwanzo.

Na nyanya anazokatia kachumbari, alizitazama zikiwa sokoni? Wewe unazijua zile zenye ungaungu mweupe. Ule ni mabaki ya dawa ya ukungu, na inayotumika sana ni mankozebu. Wakulima wengine huipulizia hadi karibu na siku ya kuvuna, na wateja wengine huona ule weupe kama alama ya nyanya itakayokaa bila kuoza. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha mankozebu Desemba 2020, na moja ya sababu ni kwamba inavuruga homoni. Nyanya za namna hiyo zisuguliwe kwa mikono kwenye maji yanayotiririka, na kwa mjamzito zimenywe ganda. Kama muuzaji anazo zisizo na weupe, nunua hizo hata kama zitalainika kesho.

Sasa turudi kwenye sufuria yako. Kaveera kutokuwa na BPA hakuifanyi iwe jani. Ndani yake mnatiwa rangi, wino na viungo vya kuifanya isichakae, na zile nyeusi mara nyingi hutokana na plastiki iliyoyeyushwa upya ambayo huwezi kujua ilibeba nini zamani. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima mamia ya bidhaa za plastiki zilizokuwa madukani, na nyingi zilitoa kemikali zenye tabia ya estrojeni, hata baadhi ya zile zilizoandikwa hazina BPA. Kinachozisukuma zitoke ni joto, mafuta na muda. Polithini laini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 105 hadi 115. Mvuke wako ni nyuzi 100, kwa hiyo haiyeyuki yote, ila inalegea kwa saa nzima au zaidi huku imekumbatia ndizi. Ikigusa ubavu wa sufuria mkavu, pale ndipo inapoganda na kuacha ule utepe unaoukwangua kwa kisu. Mpishi wa miaka 14 ameuona. Mchuzi wa karanga unaochemka, wenye mafuta, ukitiwa kwenye kaveera na kufungwa fundo, mimi nauhofia kuliko hata matoke.

Lakini kilichonishtua zaidi katika barua yako umekiandika kwa sentensi moja na kupita: unawasha sigiri kwa kaveera. Mama, hilo liache kesho asubuhi, kabla ya mengine yote. Plastiki ikiungua kwenye moto mdogo hutoa moshi wenye sumu nyingi. Na huwezi kujua kama kipande ulichookota hakikuchanganyika na plastiki yenye klorini, ambayo moshi wake huzalisha dioksini. Dioksini huvuruga homoni, huleta saratani, na hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Unauvuta wewe kila alfajiri, umeinama, uso juu ya jiko. Tumia vijiti vikavu, maganda ya mahindi, magunzi, au karatasi isiyo na plastiki. Kama kuna kitu kimoja ambacho ningekubembeleza kwa magoti, ni hiki.

Kuhusu majani, nimepiga hesabu. Tofauti kati ya majani na kaveera ni shilingi 2,500 kwa siku. Hukuniambia unauza sahani ngapi za matoke, tuseme 40. Hapo ni kama shilingi 63 kwa sahani. Ukiongeza shilingi 100, dereva wa lori hatakukimbia, na wewe utakuwa umerudisha gharama ukabaki na chenji. Siku majani yakiwa machache, yale uliyonayo yaguse ndizi, halafu juu yake funika kwa kitambaa kizito cha pamba kilichofuliwa na kuloweshwa, kisha mfuniko wenye uzito. Vile vikonyo vigumu vya majani usivitupe, vipange chini ya sufuria ili ndizi zisiguse maji, kama mama yako alivyofanya. Na unajua kuwa matoke yaliyolala ndani ya jani yana harufu ambayo kaveera haikuwahi kuitoa. Uza harufu hiyo. Waambie wateja, kuanzia leo ni majani matupu. Yule aliyeinuka na kuondoka atasikia.

Chai mpe mteja kwa kikombe cha bati ainywe hapohapo. Wa kubeba waje na vyombo vyao. Madereva wengi wana thamosi na bakuli za chuma. Hawaleti vyombo hivyo kwako kwa sababu hujawahi kuwaambia walete. Nunua bakuli chache za chuma kisichoshika kutu, toa kwa rehani ya shilingi elfu chache, nao watarudisha. Chakula kikavu na baridi kama chapati iliyopoa kinaweza kufungwa kwa karatasi safi isiyo na maandishi, kwa kuwa wino wa magazeti nao una yake. Madumu ya njano ya maji hayanitishi sana, mradi yalikuwa ya mafuta ya kupikia na hayakai juani siku nzima. Dumu lililobeba dawa ya shamba, hata likioshwa mara kumi, lisiingie jikoni.

Usisahau kuwa wenzetu waliotuzunguka walikwisha chukua hatua: Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2019 nayo imekataza kaveera nyembamba kuliko mikroni 30. Wewe unaweza kusimama kibandani ukaona upande wa pili wanavyobeba bidhaa bila kaveera, na wanakula, na matoke wanapika.

Na hizi miaka 14 zilizopita? Sikia habari hii. Mwaka 2011 watafiti walichukua familia tano za eneo la San Francisco, watu 20, zilizozoea vyakula vya makopo na vifungashio. Kwa siku tatu wakawapikia chakula kibichi kisichogusa plastiki. BPA kwenye mkojo wao ikashuka kwa asilimia 66, na aina moja kuu ya ftaleti ikashuka kwa zaidi ya nusu. Kemikali hizi mbili haziweki makao mwilini kama dioksini. Mwili unazitoa kwa saa na siku. Ulichokipika mwaka jana si deni ambalo Zaituni anadaiwa leo.

Sasa mwanao. Alikosea kukuaibisha mbele ya wateja wako, na siku moja atakuomba radhi kwa hilo, lakini usiingoje radhi hiyo ndipo uondoke nyumbani. Wewe nawe ulimwambia arudishe elimu uliyomlipia kwa jasho la ujane wako. Neno lile limekaa moyoni mwake kama lake lilivyokaa moyoni mwako. Na mimba ya miezi mitano hailelewi vizuri kwa mkate na samaki wa kopo. Hofu ya plastiki isimfanye akose damu, maana upungufu wa damu huua wajawazito leo, haungoji miaka ishirini. Anahitaji mukene (dagaa), maharage, dodo (mchicha), mayai, matoke. Anahitaji vidonge vyake vya madini ya chuma na foliki asidi, chandarua, na kliniki bila kukosa.

Simu usipige tena. Siku ya Jumapili amka mapema, washa jiko kwa magunzi, upike matoke ndani ya majani kwenye sufuria ndogo, na mukene wa karanga kwenye bakuli la chuma. Mwende na dada yake mkubwa. Usiyatoe matoke kwenye majani, yafike yakiwa yamefungwa, ya moto, mbele ya mama mkwe wake. Mwambie: "Kuhusu kaveera ulisema kweli, nimeacha. Kuhusu kizazi changu na cha dada yako, hiyo tutamuuliza daktari sote pamoja." Halafu umwachie yeye afungue majani.

Shangazi